Sauti Iliyotoka Shimoni

Kwa karibu mwaka mzima niliokaa nyumba moja na mama mkwe wangu, hakuwahi kuniambia neno hata moja la Kiswahili. Mimi ni mtu wa Dodoma, nimezaliwa kwenye tambarare ambako mgeni unamwona akiwa bado mbali. Niliolewa na Mchagga niliyesoma naye chuo cha ualimu. Tulipomaliza, Serikali ilinipangia shule ya msingi kijijini kwao, kwenye miteremko juu ya Himo, na yeye ikampeleka mkoa wa Tanga. Alikuwa anakuja likizo tu. Nyumbani tukabaki wawili, mimi na mama yake, mjane, katikati ya migomba na mibuni.

"Mama hajui Kiswahili," mume wangu aliniambia kabla ya harusi. "Utajifunza Kichagga taratibu, usijali."

Nilijifunza salamu, maji, kuni, njoo ule. Baada ya hapo tulielewana kwa mikono. Kanisani aliimba nyimbo za Kiswahili bila kukosea, lakini nilidhani ameyashika maneno kwa mazoea. Zilikuwa enzi za elimu ya watu wazima, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha akina mama wa kijiji kusoma na kuandika. Nilipomwalika, alimtuma jirani aje kuniambia kwamba mtu asiyejua lugha hawezi kusoma. Sikumwalika tena.

Kitu pekee tulichofanya pamoja ni kutembea. Kila Jumamosi mchana alichukua mundu na kamba, akanitazama mara moja, nami nikamfuata. Shabaha ilikuwa majani ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wa kule hafunguliwi, analetewa chakula bandani. Lakini majani yalipatikana hata karibu na nyumba, na sisi tulizunguka kijiji kizima. Tulifuata mfereji wa maji uliopita nyuma ya vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, tukashuka korongoni, tukavuka daraja la magogo, kisha tukapanda ukingo wa pili kwa vijia ambavyo mvua ilivigeuza kuwa utelezi. Mimi nilianguka mara nyingi. Yeye alingoja niinuke, halafu akaendelea. Juu ya ukingo ule kulikuwa na mahali pa wazi, unaona nchi yote ya chini, mabati ya Moshi mjini, na mbali zaidi kijani cha mashamba ya miwa. Hapo alisimama kila safari, akatazama kule chini bila kusema kitu.

Ukimya ule ulinishinda. Nikaanza kuongea mwenyewe njiani, kwa Kiswahili, nikiwa nyuma yake, kama mtu anavyoongea na ndama. Nilimweleza baridi ya usiku. Nilimweleza kwamba ndizi kila siku zimenichosha, nautamani ugali wa mtama. Nilimweleza kwamba walimu wenzangu wananicheka ninavyotembea. Siku moja, tukiwa darajani, nikamweleza kitu ambacho sikuwa nimemwambia hata mume wangu: kwamba mimba mbili zimeniharibikia tangu tuoane, ya pili mwezi ule ule, na kwamba ninafikiria kuomba uhamisho nirudi kwetu. Hakugeuka. Alivuka daraja, akakata majani, tukarudi.

Wakati wa mvua za masika tulipita njia ile ile. Tulikuwa tumeshapanda ukingo, naye amenitangulia hatua chache, akaingia kwenye majani marefu pembeni ya njia. Nilimwona anainama na mundu. Halafu sikumwona. Hakukuwa na kelele, ni mvumo mzito tu wa udongo ukishuka, na pale aliposimama pakawa na tundu jeusi lenye majani yanayoning'inia kingoni.

Nilisimama na kamba mkononi. Nikapiga hatua kuelekea kwenye tundu.

"Mwanangu, usisogee hapo."

Niligeuka nyuma kumtafuta aliyesema. Njiani hapakuwa na mtu.

"Hapo uliposimama chini ni patupu, hapana kitu," sauti ikaendelea, ya taratibu kabisa. "Kaa chini. Halafu urudi nyuma kwa makalio mpaka ufike kwenye mti."

Nikakaa, nikarudi nyuma kama nilivyoambiwa. Mgongo wangu ulipogusa mti ndipo niliposema, "Mama?"

"Nipo. Mguu umevunjika, nadhani. Haya ni mahandaki ya wazee, walijificha humu enzi za vita. Nenda nyumba ile iliyo karibu na mfereji, waambie walete ngazi na kamba nene. Waambie wasije wengi, ardhi haitawabeba."

"Mama, unasema Kiswahili."

"Nenda, mwanangu. Hayo tutayazungumza nikitoka."

Nilikimbia nikiteleza na kuinuka. Sijui kama nilichoogopa zaidi ni mguu wake au maneno yangu mwenyewe ya mwaka mzima, ambayo sasa yalinirudia moja moja njiani. Ndizi. Walimu wenzangu. Daraja.

Wanaume watatu walikuja na ngazi ya kuezekea. Walimtoa amejaa udongo hadi kwenye nyusi, mundu bado mkononi. Mbele yao alisema Kichagga tu. Nilianza kujiuliza kama masikio yangu yalinidanganya. Gari la kubeba kahawa likatuteremsha Moshi hospitali, mimi nimeshika kichwa chake mapajani, naye amefumba macho njia nzima.

Alipofungwa plasta na kulazwa, nilivuta kiti. Nikamwuliza kwa nini alinificha kwamba anajua Kiswahili.

"Mwanzoni kwa hasira," alisema. "Halafu ukaanza kusema mambo yako. Ningekujibu ungenyamaza, na ulikuwa huna mwingine wa kumwambia."

Ndipo vitu vingine viliponijia. Lile blanketi zito lililotokea kitandani kwangu, nikidhani limenunuliwa na mume wangu. Unga wa mtama ambao jirani alileta "kwa bahati". Na mtori wa nyama, uliowekwa mlangoni kwangu kila jioni kwa wiki kadhaa baada ya siku ile ya darajani. Huo ni mchuzi wa ndizi anaopikiwa mzazi. Nilikuwa nimeula bila kujiuliza.

Nikalia. Aliniacha nilie, kisha akaniambia yake. Alipokuwa msichana alitoroka kwao, upande wa Sanya Juu, akamfuata mtu wa Singida aliyekuwa mkata miwa kule chini. Aliishi naye kwenye kambi ya wakata miwa miaka kadhaa, na Kiswahili alijifunza huko. Alizaa mtoto wa kike, mtoto akafa kwa homa kabla hajatembea. Mwanamume naye akaondoka. Baba yake akamfuata, akamwoza kwa mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, huku mbali, ambako hakuna aliyejua habari zake. Tangu siku hiyo aliizika lugha ile pamoja na mengine yote.

"Mwanangu aliponiambia anaoa mtu wa pande hizo za Singida na Dodoma, niliona kama nimefuatwa," alisema.

"Yeye anajua?"

"Hakuna anayejua. Sasa unajua wewe."

Mume wangu alifika keshokutwa yake, na machungwa kwenye mfuko wa karatasi. Alimkuta mama yake akimweleza muuguzi kutoka Mwanza, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba plasta inabana kwenye kisigino. Alisimama mlangoni. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake.

"Mama, umejifunza lini?"

"Mkeo ni mwalimu," alijibu, akaendelea na muuguzi.

Jioni ile, kwenye uwanja wa hospitali, nilimwambia mume wangu juu ya mimba mbili. Alikaa kwenye ukingo wa saruji na mfuko wake wa machungwa, akaniuliza kwa nini nilibeba uchungu huo peke yangu. Sikuweza kumwambia kwamba sikubeba peke yangu. Siri ya mama yake haikuwa yangu ya kutoa, na sikuitoa mpaka wote wawili walipokwisha kuzikwa.

Uhamisho sikuomba. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo mguu wa mama ulikwisha kupona, ingawa alichechemea maisha yake yote, na Jumamosi tukarudi kutembea, mzunguko mfupi zaidi, bila kuvuka korongo. Sasa aliongea yeye. Aliongea bila kupumzika: nyimbo za kambini, ubovu wa mume wa kwanza, wema wa wa pili, jina la yule mtoto. Tukikutana na mtu njiani aligeukia Kichagga, akasalimia na kuulizia afya za watu wote wa nyumba yake. Yule mtu akishatupita na kupotea nyuma ya migomba, yeye aliendelea kwa Kiswahili kuanzia katikati ya sentensi ile ile aliyoiacha.