Kibao cha Baba Somoe

Harufu ya rangi nyeusi ya viatu inanirudisha mbali, ndugu zangu, na wala si kwenye viatu. Baba Somoe, jirani yetu Kinondoni, alikuwaga mchonga vinyago, na kila kinyago alikimalizia kwa rangi hiyo na kitambaa mpaka king'ae. Nyumba yao nzima ilinukia hivyo. Hata madaftari ya mwanawe, Somoe.

Mie na Somoe tulikuwa darasa la tatu, shule ya Kiingereza ya palepale mtaani. Madam wetu aliamini lugha inaingia kwa woga. Akamwagiza Baba Somoe kibao cha kuning'iniza shingoni, akampa na karatasi yenye maneno ya kuchonga. Mzee hakujua Kiingereza. Alinakili herufi mojamoja kama anavyonakili pua ya mtu, akapiga msasa, akapaka rangi. Maneno yalisema: mimi mjinga, nimeongea Kiswahili. Ukikamatwa unakivaa mpaka umkamate mwenzio. Kikikukuta jioni unalala nacho kwenu, asubuhi fimbo mbili.

Wa kwanza kwenda nacho nyumbani alikuwa Somoe, kwa neno moja lililomponyoka akiomba ufutio. Nilimsindikiza. Baba yake alipomwona aliweka patasi chini, akasimama.

"Mama Somoe, njoo uone. Kile kibao changu wamempa mwanangu."

Alidhani zawadi. Mie damu ikanichemka, nikafungua mdomo nimwambie. Somoe akanifinya mkono hadi machozi yakanitoka.

"Na wewe usilie," mzee akaniambia. "Kazana tu, watakupa."

Kuanzia kesho yake nikaapa kibao hakimgusi tena. Kila nikiona Somoe anakaribia kukamatwa, naropoka Kiswahili mbele ya kiranja kwa makusudi. Fimbo nilizila mpaka nikazizoea, ikawa kama anapigwa mtu mwingine. Nilijiona mtetezi kwelikweli.

Kumbe kule nyumbani kwao kila jioni mzee anamuuliza Somoe, "Leo tena hukupata? Au Kiingereza kimekushinda?"

Siku ya kufunga shule kibao kilikuwa shingoni kwangu. Somoe, ambaye wakati huo alishakijua Kiingereza kuliko sie wote, akanyanyuka akasema taratibu, Kiswahili kitupu, "Madam, naomba hicho kibao nikampe baba."

Akachapwa hapohapo. Akakivaa, akanyoosha shingo, tukaondoka. Muhula uliofuata akaja mwalimu mwingine, wa nyimbo na michezo, na hakuna aliyekiulizia.

Mie Kiingereza nimejifundisha mwenyewe kwenye simu, kwa kukosea na kubishana na watu. Wiki iliyopita nilipita kumsalimia mzee. Kibao kiko ukutani, juu ya tivii, kimepakwa rangi upya. Pembeni ya mzee amekaa bibi mmoja, mgeni kutoka Newala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Somoe yuko kazini. Hebu msomee bibi, pale wameandika nini?"

Nilisubiri zile hasira zangu za siku zote. Hazikuja. Hata aibu haikuja. Utotoni nilidhani kumtetea mtu wako ni kusema. Somoe alijua tangu darasa la tatu kwamba kuna siku ni kunyamaza, na alishanifundisha kwa kucha, mie ndo sikuelewa somo.

"Wameandika mtoto hodari wa lugha," nikasema.