Kadi Namba Moja

Nimeandika neno "hayupo" mara nyingi sana maishani. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda, baadaye nikawa karani, na kazi zote mbili ni za kuita watu majina na kungoja waitike. Lakini ipo "hayupo" moja ambayo hunijia kila ninaposhika kalamu. Niliiandika Nkowe, asubuhi kweupe, na huyo niliyeandika kwamba hayupo alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka mezani pangu, ananitazama.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu yakiwa yamekwisha kushindikana Nachingwea. Matrekta yalikuwa yamelala porini, nyasi zimeota mpaka kwenye viti. Sisi tuliokuwa tukiwafunga vidonda vibarua wa karanga tulidhani tutaambiwa turudi kulima. Badala yake wakaja Wazungu wengine, wachache, ambao hawakutaka ardhi. Walitaka watoto. Ndivyo watu walivyosema, na ukisema hivyo vijijini kwetu umekwisha kuwatia watu hofu ya kutosha mwaka mzima.

Aliyewaongoza alikuwa daktari mmoja mrefu, mtaratibu, anayenawa mikono kila baada ya mtoto mmoja. Pamoja naye alikuwepo mama wa Kizungu aliyesimamia mizani. Walitaka kujua kwa nini watoto wa Ruangwa na Nachingwea wanadumaa, damu yao ina nini, na kwa nini wengi hawafiki utu uzima. Mpango wao ulikuwa kupita kila kijiji mara mbili. Mara ya kwanza ni kupima na kuandika kadi. Mara ya pili, baada ya mavuno, ni kupima tena, na wale wenye hali mbaya kabisa wapakiwe kwenye lori wapelekwe Nachingwea kutibiwa. Mimi nilichukuliwa kwa sababu najua Kimwera na mwandiko wangu unasomeka.

Mandawa tulipokelewa vizuri kiasi. Nkowe, kijijini kwetu, mambo yakawa mengine. Mizani yao ilikuwa ya kuning'iniza, ile ile ya mnunuzi wa ufuta, ila kwenye ndoano walifunga kitambaa cha kumbebea mtoto. Halafu kulikuwa na sindano ya kutoboa kidole. Tangu alfajiri watu walikuwa wamekwisha kuambizana kwamba hao ni mumiani, wanakinga damu. Jumbe alipiga mbiu, wanawake wakaja, wakasimama mbali na watoto wao migongoni, na hakuna aliyesogea. Daktari aliketi mezani akinawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Nikamfuata dada yangu.

"Kaka, damu ya mwanangu wanaitakia nini?" akaniuliza.

"Kuitazama tu. Tone moja la kidole."

"Wakishaitazama?"

"Wakiona mbaya, watamtibu."

"Apa."

Nikaapa, mbele ya wanawake wenzake.

Kwetu mtoto ni wa mjomba. Shemeji yangu alikuwa ameyafuata matrekta, na matrekta yalipokwama yeye hakurudi, kwa hiyo mwana huyu alikuwa wangu kwa mila na kwa mahitaji. Alikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, kichwa kikubwa, miguu myembamba, viganja vyeupe kama vya mtu aliyekanda unga. Alikuwa na tabia ya kula udongo wa kichuguu. Tulimchapa kwa hilo. Tulimchapa pia kwa uvivu, maana akilima mistari miwili alikaa chini akihema. Mimi, niliyekuwa dresa, niliyejua safura, ule ugonjwa wa minyoo inayomaliza damu, nilimchapa kwa mkono wangu huu, na siombi anisamehe mtu.

Nikamning'iniza kwenye mizani. Akanitazama kutoka juu, akasema kwa sauti, "Mjomba, nikifika gunia utaniuza?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasogea, wa pili akafuata, na mpaka adhuhuri watoto wote wa Nkowe walikuwa wamepimwa. Kadi yake ilikuwa namba moja. Niliandika jina lake vizuri kuliko majina yote niliyoandika siku ile. Daktari alimvuta kope ya chini, akabonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki, akachora kwenye kadi mstari mwekundu. Mstari mwekundu maana yake lori. Siku hiyo nilirudi kwa dada nikijiona mtu mkubwa.

Halafu mavuno yakaja, na baada ya mavuno, jando.

Wengine wataniuliza kwa nini nilimpeleka mtoto mwenye damu nyepesi kwa ngariba. Nitasema kilichokuwepo. Wenzake wote wa rika walikuwa wanaingia. Angebaki, angekaa miaka mingine anaitwa mtoto, anakula na wadogo zake, na wale aliokua nao wasingemruhusu hata kukaa nao kibarazani. Mwenyewe alinililia. Nikamkubalia. Kidonda chake kilichelewa kupona kuliko vya wenzake wote, akatoka jandoni amekonda, uso umemvimba kidogo chini ya macho, lakini alitoka akitembea, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu kutangaza jina lake jipya. Nilimpa jina la marehemu baba yangu.

Hapo ndipo penyewe. Kwetu kibanda cha jando kinapochomwa moto, jina la utotoni linabaki humo humo pamoja na nguo kuukuu. Haliitwi tena. Ukimwita kijana aliyetoka jandoni kwa jina lile, umemvua nguo mbele za watu, yeye na rika lake lote, na kama wewe ni mjomba wake aliyemtangaza, sijui hata utakuwa umefanya nini, maana sikuwahi kumwona mtu akilifanya.

Lori likaja Nkowe wiki ile ile. Daktari akaketi, mama wa mizani akafunga kamba, mimi nikafungua sanduku la kadi. Utaratibu ulikuwa mwepesi: niite jina, mtoto aitike, asogee. Asiyeitika aandikwe hayupo. Kadi zilikuwa zimepangwa kwa namba, na ya kwanza ilikuwa ya nani, mmekwisha kujua.

Nilishika ile kadi. Niliona mwandiko wangu. Niliinua macho, nikamwona mpwa wangu amesimama na wenzake, wamevaa kanzu mpya, wamejipanga kwa kiburi cha vijana waliotoka ndani juzi. Wazee wa jando walikuwa nyuma yao. Ningeweza kumgeukia daktari nikamwambia polepole, "Bwana, huyu amebadilishwa jina, ndiye yule pale." Maneno machache tu. Lakini daktari alitaka jina la kwenye kadi lisikike, amelisema hilo tangu Mandawa, ili mtu mwingine asijipenyeze. Ningemweleza angeniambia niliite kwanza ahakikishe. Na mimi niliona aibu. Sina neno jingine la kuliita. Niliwaonea aibu wale wazee na wale vijana, na nikajiambia nitamweleza daktari jioni, tukiwa wawili.

Basi nikasogeza midomo bila sauti, nikangoja kidogo, nikaandika: hayupo.

Kadi ya pili ilikuwa ya mwenzake wa jando. Hiyo niliiita, kwa sauti ndogo ya mtu anayejua hataitikiwa. Kimya. Vijana walikuwa wamekwisha kuona namba moja imepita bila kutajwa, wakaelewa kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Wasichana na wadogo waliitika nilipowafikia, lakini vijana wa jando, waliokuwa na mistari myekundu na wasiokuwa nayo, wote walisimama pale wakitazama mbele kama hawasikii.

Daktari akakunja uso. "Watoto wote hii iko wapi?"

"Wamehama, bwana," nikasema.

Sijui ulimi ulilipata wapi neno hilo. Labda kwa sababu watu kweli walikuwa wakihama siku zile, kufuata kazi. Aliandika kwenye daftari lake. Akaniuliza kama wamehama na wazazi wao. Nikasema ndiyo.

Tulipomaliza, vijana wakatawanyika. Mpwa wangu akanijia, akanishika mkono kwa mikono miwili kama mtu mzima. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Mjomba," akasema, "nilijua hutaniita lile jina."

Alikuwa ananishukuru.

Jioni nikamwendea daktari. Alikuwa anasaidia kufunga masanduku. Nikamweleza yote: jando, majina, kadi namba moja, mtoto wa dada yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia kwamba alinikatiza. Kisha akaniambia kwamba asubuhi, mbele ya kijiji kizima, nilimwambia watoto wale wamehama, na sasa jua linatua namwambia wapo, na anayetakiwa kupanda lori ni mpwa wangu. Akasema huko Narung'ombe karani mmoja alimwingizia watoto wanne wa ndugu zake kwa majina ya watoto waliokufa. Hakupandisha sauti. Alinikumbusha nilichosema mwenyewe, na nilichosema kilikuwa kimeandikwa.

"Tutamwona mwakani," akasema.

Nilirudi kwa dada nikamwambia lori limejaa. Huo ukawa uongo wangu wa pili kwa siku moja, na huu nao ukaaminiwa.

Dawa ya safura haikuwepo kwenye zahanati ndogo niliyorudi kuhudumia kijijini. Nilimpa nilichokuwa nacho, majani ya mchicha na maini ya mbuzi nilipoyapata, na ndimu. Akaacha kula udongo kwa sababu sasa ni mtu mzima, alisema, na watu wazima hawali udongo. Alijilazimisha kulima. Rika lake walimcheka kidogo, halafu wakaacha kumcheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Miguu ilipovimba mpaka magotini nilimpakia kwenye baiskeli nikamfunga kwa shuka kiunoni mwangu asianguke. Kutoka Nkowe hadi Nachingwea njia ilikuwa mchanga mtupu. Kwenye vilima nilishuka nikasukuma. Alikuwa mwepesi mno, na njia nzima nilikuwa nikimsemesha kwa jina la baba yangu, naye akiitika, "Naam, mjomba," mpaka ikafika mahali anaitika kwa kunigusa mgongo tu.

Walimpokea. Walifanya kila walichoweza, hilo nasema wazi. Dresa mwenzangu tuliyefanya kazi pamoja wakati wa karanga alinivuta pembeni akaniambia moyo umechoka, angekuja na lile lori labda. Hakujua anamwambia nani.

Tulimrudisha Nkowe kuzikwa, kwa gari la mnunuzi wa ufuta.

Mwaka uliofuata wale Wazungu hawakuja. Nilikuwa Nachingwea tayari, ofisini, na nikapewa kazi ya kunakili daftari zao kwa wino mzuri, ziende Dar es Salaam. Nilipofika ukurasa wa Nkowe niliwakuta vijana wale wote, mmoja mmoja, majina yao ya utotoni, na mbele ya kila jina: amehama. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na wino, na nilikuwa peke yangu chumbani. Nikanakili kama ilivyoandikwa. Huko zilikokwenda, wasomaji wa daftari zile walijua kwamba watoto wa Nkowe ni watu wa kuhamahama, na wawili kati ya wale wenye mstari mwekundu walikuwa wamekwisha kumfuata mpwa wangu.

Dada hakuwahi kuniuliza. Aliishi miaka mingi, akanipikia kila nilipokwenda, akanisalimu kwa heshima zote. Nilitamani anitukane.

Siku ya maziko, jeneza lilipoinuliwa uani, wanaume tukiwa tumelishika, alitoka ndani akamwita mwanawe kwa jina lile la utoto. Alimwita kwa sauti kubwa, mbele ya wazee wa jando, mbele ya vijana wa rika lake na kanzu zao, akamwita tena, na tena. Wanawake hawakumziba mdomo. Wazee waliinamisha vichwa. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyevunjiwa heshima, dunia haikupasuka. Mimi nilikuwa mbele, mpini wa jeneza begani, nikalisikiliza. Lilikuwa jina fupi, la silabi mbili tu. Ningeliita asubuhi ile lingekwisha kabla hajawahi hata kuona aibu.