Gundi ya Siku Tano

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mdogo wa marehemu aliingia katika karakana ya seremala, karibu na kituo cha reli, akaokota kopo langu la gundi ya kupuliza lililokuwa kando ya jeneza la kaka yake.

Mimi ni fundi cherehani. Seremala huyo akimaliza mbao, mimi natandika ndani: sponji chini, kitambaa cheupe juu yake, na kwenye mfuniko kitambaa na sponji nyembamba vilivyoshonwa pamoja mraba mraba. Zamani nilizuia vitambaa visiteleze kwa pini, nikizihesabu mara mbili, maana sikutaka pini imfuate mtu kaburini. Kisha nikapata kopo hilo kwa mchuuzi aliyelivusha ziwani kutoka Kigoma, nikaachana na pini.

Ilikuwa siku ya tatu ya kilio. Alfajiri mjane alikuwa amenitumia ujumbe: kaburi limechimbwa, mchele wa kulisha watu umekwisha, lazima tuzike leo.

“Papa fundi,” alisema yule mdogo, “hii gundi inakamata siku ngapi?”

Maandishi ya kopo yalikuwa ya Kiingereza. Nilikuwa nimeyatafsiri yote kwa kamusi na kuyaweka katika daftari, kwa hiyo nilijibu nilichokijua.

“Siku mbili mpaka tano, Papa. Kisha inaachilia.”

Alirudisha kopo polepole. “Ndiyo kusema siku ya tano kitambaa kitamuangukia mukubwa yangu ku uso.”

Nilimweleza kwamba gundi hushika tu wakati sindano inapita. Baada ya hapo kazi ni ya uzi. Nilimwonyesha mishono ya mfuniko. Alisema mfuniko hutazamwa kutoka chini, si kutoka juu.

“Tungojee siku tano, tuone,” alisema. “Ao niingie mwenyewe.”

Akavua viatu, akavipanga sawasawa, akaingia. Hakunipa nafasi ya kumwambia kwamba sponji ya chini nilikuwa nimeipuliza gundi dakika mbili tu kabla ya hapo. Daftari langu linasema: ngoja kidogo, kisha laza kitambaa. Halisemi lolote kuhusu mtu.

“Funika.”

“Papa, bei ya kulala ni ile ile,” seremala alisema, akafunika.

Sauti ikatoka ndani. “Naona uzi. Umenyooka. Humu muko kimya.” Baada ya muda: “Funua. Siwezi kuinuka.”

Tulimshika mikono, seremala huku na mimi kule, tukahesabu mpaka tatu. Akainuka na sponji nzima mgongoni, kutoka shingoni mpaka visiginoni. Alipogeuka, ilifagia misumari yote mezani.

Hapo mjane akaingia, kuuliza kwa nini jeneza halijafika. Alimtazama shemeji yake juu na chini.

“Shemeji, ulikuwa na haraka gani ya kumutangulia?”

“Napima kazi. Fundi mwenyewe anasema gundi ni ya siku tano.”

“Jivute basi, tutoke kwa mashaka.”

Alijivuta. Sponji haikutoka.

“Wewe muzima, una nguvu, na inakukamata. Yeye atalala kimya, na uzi juu. Unaogopa nini?” mjane aliuliza.

Alifikiri. Mtu mwenye sponji mgongoni hafikiri haraka.

“Na miye nitakaa hivi siku tano?”

“Maji yanaitoa,” nilisema. Hilo pia limo katika daftari.

Nilikuwa nimeshika ndoo, lakini mjane alinyoosha mkono kunizuia. “Sema kwanza tunazika leo. Kisha fundi amwage.”

“Tunazika leo.”

Nilimwaga. Koti lake lilipona, sponji ilichanika vipande vitatu. Nilikwenda sokoni mbio, nikanunua nyingine, na hiyo niliishona kwa mkono, bila gundi, huku yule mdogo akinisimamia, akidondosha maji.

Tulizika saa tisa kasoro robo. Yule mdogo alisimama mbele ya watu wote, mgongo haujakauka. Mjane alinilipa kama tulivyopatana, akauliza kama kuna deni lingine. Nilisema hapana, kwa kuwa kopo lilikuwa langu na mimi ndiye niliyelisahau palipoonekana. Sponji ya pili ni hasara yangu: franka elfu kumi na nane.