Mteremko wa Kipkelion

Kipkurui alikuwa ameendesha garimoshi la mizigo kati ya Nakuru na Kisumu kwa miaka mingi, lakini mteremko wa Kipkelion hakuwahi kuuzoea. Kupanda si neno, alikuwa akisema. Dizeli inazalisha stima, yaani umeme, na stima inazungusha mota za magurudumu. Taabu ni kushuka. Hapo mota hizohizo ndizo huyashika magurudumu yasikimbie, maana breki za mabehewa peke yake haziuwezi mzigo.

Msimu huo wa mvua, feni ya kupoza mota hizo ilianza kukoroma. Kipkurui akamwambia bosi wa karakana.

"Tutaiangalia mkirudi," bosi akasema. "Ngano inangojewa Kisumu."

Walipopita Londiani, ukungu ulikuwa umefunika reli mchana kweupe. Msaidizi wake, Nyagaka, Mkisii mcheshi asiyenyamaza safarini, alikuwa ameacha utani, akinusanusa hewa.

"Baba Nelvine, unasikia hiyo harufu?" akamuuliza Kipkurui.

"Nasikia."

Ilikuwa harufu ya waya unaoungua. Wakiwa katikati ya mteremko, feni ikanyamaza na mota zikayaachia magurudumu. Kipkurui akafunga breki za hewa. Mabehewa yakalia, yakapunguza mwendo kidogo, kisha mzigo ukasukuma tena.

"Naenda kufunga breki za mkono za mabehewa," Nyagaka akasema, akifungua mlango.

"Ngoja. Vyuma vimelowa."

"Tukingoja, tutafika Kipkelion tukiwa nini?"

Akatoka. Kipkurui alimwona kwenye kioo akining'inia ubavuni mwa behewa la kwanza, akikaza breki, akivuka hadi la pili. Kisha ukungu ukammeza. Kipkurui akashikilia honi ili walio mbele watoke relini. Kila mwendo ulipopungua, alijua Nyagaka bado yuko hai. Baadaye mwendo ukaacha kupungua.

Stesheni ya Kipkelion ilipita dirishani kama upepo. Mbele kidogo, pale reli inapolala tambarare, zile breki chache zilizokazwa zikashinda mzigo, na garimoshi likasimama. Kipkurui akaruka chini, akakimbia kurudi juu kando ya reli akiita. Alimkuta Nyagaka kwenye nyasi za kona ya reli, mguu wake umesagwa.

"Limesimama?" Nyagaka akauliza.

"Limesimama, ndugu yangu."

Mguu ulikatwa. Injini ikatengenezwa, na Kipkurui akaitwa aichukue. Alipanda, akakaa kitini, akaweka mkono kwenye wenzo wa breki. Kisha akauondoa. Akashuka, akaenda nyumbani kufuga ng'ombe.

Kila Jumapili baada ya kanisa humpelekea Nyagaka, nyumbani kwake chini ya mteremko, mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyu. Juzi Nyagaka alimuuliza, "Siku hizi ni nani anaiendesha ile injini?"

"Kiplimo, yule dereva kijana wa kwa Arap Koech."

"Ulimwambia habari za feni?"

"Nilimwambia. Akasema bosi amemhakikishia iko sawa."

Nyagaka akaegemeza magongo yake ukutani. Huko juu mteremkoni, upande wa Londiani, honi ililia kama siku ile, ikakaa sana kabla ya kukatika.