Siku Mama Alipoweka Nyundo Chini

Katika mchezo wetu wa mwisho nilikuwa jiwe. Sitaki mtu acheke, maana jiwe lile nililihangaikia kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa. Nilijikunja kwenye sakafu ya ghala la zamani la saruji huko Utange, uso magotini, na mwongozaji wetu akawa anapita akinigusa kwa ncha ya kiatu kuona kama napumua sana. Kikundi kilikuwa na watu sita. Majirani walituita vichaa wa ghalani, nasi tukaona fahari.

Mwongozaji alisomea mambo hayo Ulaya, akarudi na imani kwamba maneno yameoza. Kwa hiyo michezo yake haikuwa na maneno, wala jukwaa, wala viti; watazamaji walisimama ukutani kuizunguka sakafu. Mimi nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilikulia Mwakirunge, karibu na machimbo, ambako ukisema unataka kuwa mwigizaji utaulizwa kama umekula. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniambia nina kipaji.

Mchezo ulihusu machimbo, nasi sote tulikuwa mawe yake. Alipojua kwamba mama yangu hugonga kokoto, alimtaka aje agonge katikati yetu, kokoto za kweli kwa mikono ya kweli. Alisema hataki aigize, awe tu yeye mwenyewe. Mama alikubali kwa ajili yangu. Alitaka pia kukiona kwa macho yake hicho kitu kilichonifanya niache kazi ya duka.

Siku ya onyesho la kwanza alikuja na gauni la kanisani na leso mpya. Mwongozaji alimtazama, akatikisa kichwa, kisha akachota vumbi la saruji pembeni na kumpaka mabegani kwa mkono wake mwenyewe. Alimwomba radhi, ndiyo, lakini alimpaka. Mama akaelezwa kwamba agonge tu, asimwangalie mtu, mpaka taa zizimwe. Akaitikia kwa adabu, akaketi chini.

Mlango ukafunguliwa, wageni wakaingia, wengi wao watu wenye nafasi kutoka mjini kisiwani na Nyali. Mama aliposikia nyayo aliiweka nyundo chini. Kwetu huwezi kuendelea kugonga kokoto mtu akiwa ameshaingia uani mwako, labda umfukuze. Akafuta mikono, akashika goti lake bovu, akasimama. Akaanzia mlangoni, mmoja baada ya mwingine, mkono wa kushoto umeushika wa kulia, akiwauliza habari za walikotoka, za watoto, za njia, maana barabara ya kwetu ni mbovu. Alipofika mwisho akatafuta pa kuwakalisha, asipaone.

"Mnisamehe, wanangu," alisema. "Viti hatuna."

Kisha akarudi kwenye kokoto zake. Mimi chini pale nilijawa na furaha, nikajua mwongozaji atakasirika na nisijali. Hakukasirika. Taa zilipowaka wageni walimzingira yeye, wengine wakifuta machozi, wakamsifu kwa wazo lile la salamu. Akazipokea sifa zile kama mtu anayerudishiwa chenji yake. Hakuna aliyemwendea mama.

Kesho yake mwongozaji alimtaka mama arudie vilevile, na goti lichukue muda mrefu zaidi. Mama alimwambia kwamba wakija watu atawasalimu, lakini hajui itakuwaje mpaka awaone. Mwongozaji akashikilia kwamba iwe kama jana.

"Mwanangu, salamu haifanyiwi mazoezi," mama akamjibu. Akachukua nyundo yake, akaenda zake, hakurudi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Mwenye njaa ya sifa haishiwi ujanja. Sehemu ya mama alipewa mwenzetu mmoja, msichana kutoka bara, hodari wa kuiga. Aliliiga goti, akauiga mkono, akaiga hata ile lafudhi ya nyumbani. Alipofika kwenye yale maneno ya viti watu walicheka, na kila siku walicheka zaidi. Nililalamika. Mwongozaji akaniambia sanaa haina mama. Nami nikarudi sakafuni, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuwa mtu.

Jioni moja mama alikuja bila kuniambia, akasimama ukutani na wageni. Yule msichana akaianza safu yake. Niliisikia sauti ya mama ikisogea kutoka kwa mtu hadi mtu, mpaka ikamfikia mama mwenyewe, ikamuuliza habari za nyumbani na za watoto.

"Wazima wote, mwanangu," mama akajibu. "Nyumbani kwema."

Ghala zima likaangua kicheko. Walidhani naye ni wa mchezo. Niliinua uso, nikamwona anaangalia sakafuni, jiwe moja moja, akinitafuta. Nikasimama, nikamshika mkono tukatoka. Nasikia hilo nalo waliliingiza: kila onyesho jiwe moja huinuka na kutoka mlangoni. Mchezo umesafirishwa nje, na picha zake nimeziona kwenye simu za watu. Mwongozaji yule simtakii heri.

Mwezi uliopita alitujia mgeni, mwalimu wa kanisani. Mama alitaka kusimama, akasita, akaketi tena. Akampa mkono akiwa amekaa, akasema karibu, basi. Habari za watoto hakuuliza. Viti siku hizi tunavyo, nilivinunua mimi, lakini aliyemkalisha mgeni ni mimi, si mama.

Mgeni alipoondoka, mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama amesalimu vizuri.