Nilimwambia Akae Mpaka Tanga Lianuliwe

Senta yetu iko upande wa Likoni, ukishapita Shika Adabu na kuiacha lami. Wakati ule ilikuwa na maduka manne, kinu cha kusaga mahindi, msikiti wa mabati, kanisa la makuti, na baraza ambapo Fundi Musyoka aliweka cherehani yake. Wanaume wengi walivuka feri kwenda kwenye vibarua. Wanawake tulisuka makuti na kulima mihogo. Ukinunua samaki pale, kabla hujafika kwako ushaulizwa na watu sita kama utamtia nazi au utamkaanga.

Fundi Musyoka alikuwa Mkamba, mtu wa bara. Alikuja kijana, akaoa kwao, akamleta mkewe, Mama Mwende. Watoto wao walizaliwa huku na kuzungumza Kidigo kama wanangu. Kazi yake kubwa ilikuwa leso. Leso huuzwa doti, yaani mbili zikiwa zimeshikana. Lazima zikatwe katikati na kupindwa ncha ndipo zivaliwe, na mama yangu hakumpa mtu mwingine zake.

Siku ya mwisho ya mama kutoka nyumbani, tulikwenda naye barazani kwa fundi na doti mpya mkononi. Kwanza alimwonyesha ile aliyoivaa.

"Musyoka, upindo huu umekwenda upogo kama mlevi."

"Mama, umenyooka huo. Ni wewe umeinama."

"Mimi nimeinama? Kijana, nimekuzidi miaka, na macho pia."

Alicheka, akaufumua na kuupinda upya, ingawa ulikuwa umenyooka kweli. Akapokea doti mpya, akasema itakuwa tayari baada ya siku mbili. Tukarudi. Mama akala wali kidogo, akaswali adhuhuri, akajilaza. Hakuamka.

Wiki hiyo karatasi zilikuwa zimetupwa njiani, zimeandikwa kwa mkono. Zilisema watu wa bara wafunge mizigo warudi kwao. Tulizisoma, tukazikunja, tukawashia moto wa jikoni. Hatukuzidharau. Hatukujua tu la kufanya nazo. Familia kadhaa za bara ziliondoka kimyakimya. Mama Mwende akavuka na watoto kwenda kwa watu wa kanisa lake kisiwani. Fundi alibaki amalizie kazi za watu.

Tulipokwisha kumzika mama, alikuja nyumbani kwetu. Alikuwa na mkoba begani.

"Dada Mejumaa, nimekuja kutoa pole na kuaga."

"Unaaga matangani?"

"Karatasi umeziona."

"Nimeziona. Lakini nyumba ya msiba haiingiwi, fundi. Hapa pana usalama kuliko huko njiani. Siku tatu tu. Tanga likianuliwa, Bakari atakusindikiza mpaka feri."

Bakari ni ndugu yangu. Akatikisa kichwa kukubali.

Sisi huku mtu akifa, mikeka hutandikwa uani, na wanaume hulala hapo. Siku ya tatu husomwa hitima, watu wakala, nguo za marehemu zikagawiwa, na mikeka ikakunjwa. Huko ndiko kuanua tanga. Jirani akiondoka kabla ya hapo, tunaona ametuvunjia heshima. Na mtu kuvamia mikeka ya msiba kwa ubaya, sikuwahi kusikia. Niliamini kabisa halitokei.

Lakini lazima niseme lote. Sikumzuia kwa ajili ya usalama wake tu. Majirani walikuwa wamepungua, uani kulikuwa na nafasi tupu, na mimi nilitaka msiba wa mama ujae. Nilihesabu watu, nikaona haya. Ndiyo sababu nilimshika mkoba nikauingiza ndani.

Alikaa. Siku mbili zikapita, na tulisikia kwamba kituo cha polisi kimeshambuliwa na nyumba zinachomwa upande wa barabara kuu. Moshi tuliuona. Bakari, aliyezoea kumwita fundi shemeji kwa utani, alivua kofia yake akamvika.

"Leo umesilimu, shemeji."

"Nimesilimu mpaka pilau iive," akasema fundi. "Baada ya hapo tutazungumza."

Wazee walicheka. Hata mimi, niliyefiwa, nilicheka.

Doti ile mpya ya mama alikuja nayo mkobani. Mama hakuiwahi, kwa hiyo ilikuwa igawiwe pamoja na nguo zake nyingine. Cherehani ilikuwa imefungiwa barazani, basi akaanza kuipinda kwa mkono, ameketi pembeni mwa mkeka, mgongo kwenye ukuta. Leso ya kwanza aliimaliza siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi alikuwa kwenye ya pili, amefika kama nusu.

Ustadhi alikuwa ameshaanza hitima. Sisi wanawake tulikuwa jikoni nyuma ya ua wa makuti, tunachambua mchele. Nilisikia sauti za wasomaji zikipungua, moja baada ya nyingine, mpaka akabaki ustadhi peke yake. Kisha naye akanyamaza.

Nilichungulia.

Walikuwa kama kumi na wawili. Mapanga, pinde, na bunduki moja. Nyuso walizifunga vitambaa.

Ustadhi alisimama. "Hapa pana msiba, wanangu."

"Tunajua," mmoja akajibu. "Poleni."

Alisema poleni kwa upole, kama mgeni yeyote.

Kisha akavua ndara zake, akaziweka sawasawa ukingoni, ndipo akakanyaga mkeka.

"Fundi," akasema. "Simama."

Hakuuliza nani ni mtu wa bara. Hakuuliza jina. Kofia haikuwa na kazi.

Bakari akashika mkono wa fundi. "Huyu ni mtu wetu. Amekaa kwa ajili ya mama yetu."

Mwenye bunduki akamwelekezea Bakari mtutu kifuani.

Fundi aliichomeka sindano kwenye upindo, akaikunja leso, akaiweka juu ya mkeka. Akavua kofia.

"Chukua kofia yako, shemeji."

Akatoka mwenyewe. Nadhani hakutaka damu ianguke pale.

Yule mtu akarudi nyuma, akavaa ndara zake, akamfuata.

Ilikuwa kwenye mkorosho, nyuma ya kinu. Tulisikia. Haikuchukua muda.

Mimi sikutoka. Nilikuwa na ungo wa mchele mkononi na sikuuweka chini.

Wanaume wetu walimzika jioni hiyo karibu na mama, kwa sababu hapakuwa na njia ya kumpeleka popote. Mzee mmoja wa kanisa alisoma sala, na ustadhi alisimama kando yake. Mikeka haikukunjwa kwa utaratibu. Kila mtu alichukua wake akaondoka.

Siku chache baadaye walikuja askari. Waliwakusanya wanaume wote wa senta uwanjani na kuwapiga, wakitaka majina. Bakari alipigwa kwa kitako cha bunduki, na sikio lake la kushoto halisikii tangu siku hiyo. Alikuwa mtu pekee aliyethubutu kumshika fundi mkono. Niliwaambia. Mmoja akaniambia nyamaza, mama, nyote lenu moja.

Mama Mwende alikuja njia zilipotulia, na kaka yake, kuchukua cherehani. Baraza ilikuwa imechomwa, na cherehani ilikuwa chuma kitupu, lakini aliichukua. Kisha akaja kwangu. Hakutaka kuketi.

"Nilimwambia asizidi siku moja," akasema. "Mbona hakuja?"

Nilikuwa na majibu ya kujifichia. Ningeweza kusema njia ilifungwa. Kuna watu walikuwa wameshamwambia hivyo.

"Mimi ndiye niliyemzuia," nikasema. "Alikuja kuaga na mkoba begani, nikamwambia akae mpaka tanga lianuliwe. Nilidhani nyumba ya msiba haiingiwi. Na nilitaka watu wawe wengi."

Nilimletea zile leso mbili na mkoba. Akaishika leso iliyokwisha, akapitisha kidole kwenye upindo wote, ncha hadi ncha. Ulikuwa umenyooka. Akaikunja na kuitia mkobani. Ya pili akanirudishia.

"Hii kaa nayo wewe," akasema. "Ni wewe uliyetaka akae."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Sikumwona tena, na watu wa kanisa lake walisema amehamia kwao.

Miaka ilipita. Wakaja maafisa wa kuandika habari za vurugu. Nilipanga foleni tangu asubuhi mpaka alasiri, chini ya hema, bila maji. Kijana mwenye karatasi akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema jirani. Akasema anaandika jamaa kwanza, lakini haya, nieleze.

"Uliwatambua?"

"Nyuso zilifunikwa. Lakini mmoja alivua ndara kabla ya kukanyaga mkeka."

"Hilo si la kuandika, mama."

"Kwa nini?"

"Si ushahidi."

Huenda si ushahidi. Lakini hapa senta watu hupenda kusema waliokuja walikuwa wageni, wametoka mbali, hatuwajui. Nasikia haya kwenye harusi, kwenye kisima, hata kwa ndugu zangu. Mimi sijui alikuwa nani, na sitamtaja mtu nisiyemjua. Najua tu kwamba alimwita Fundi, na kwamba kuna mama wa huku aliyemfundisha kuwa mkeka wa watu haukanyagwi na viatu. Aliuheshimu mkeka. Askari walipoingia kwangu kupekua walikanyaga mkeka wangu kwa buti, na nikajikuta nakumbuka kwamba yule muuaji alikuwa na adabu kuliko wao. Jambo hili linanichoma, na sina wa kumuuliza.

Palipokuwa na baraza sasa pana kibanda cha simu. Vijana wanaoketi hapo hawajui kulikuwa na cherehani. Nikianza kuwaeleza wananiambia, "Bibi, hayo yamepita," na wanarudi kwenye simu zao. Mkorosho umekatwa. Kaburi tunalipalilia mimi na Bakari, pamoja na la mama.

Leso ninayo. Sindano imeshika kutu palepale alipoichomeka, na kutu imetia doa kwenye kitambaa. Bakari aliwahi kuniambia niipeleke kwa fundi mwingine amalizie. Nilimwambia asirudie kunishauri hivyo, na hakurudia.

Matangani bado nakwenda, kila penye msiba, kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Nakaa pembeni. Lakini nikimwona mtu anaangalia saa, au anafunga mkoba wake na kuona haya kuinuka mbele ya wafiwa, huwa simwachi ajitete. Nainuka kabla yake, nakwenda ukingoni mwa mkeka, namtafutia viatu vyake, namwambia aende.