Rula Aomba Aachiwe Mkono

Mtaani wanamwita Rula, na mimi mkewe sina la kubisha. Mume wangu huchora vibao vya maduka, na hagusi rangi kabla hajapima ukuta mpaka mwenye duka aanze kupiga miayo. Anapaka uzi chaki, anauvuta kutoka kona hadi kona, anauachia, pap! Mstari umekaa. Anarudi nyuma, anafumba jicho moja, hajaridhika, anafuta na kuanza upya. Ukimharakisha ananuna.

Lakini akishashika brashi, huyo ni mtu mwingine kabisa. Anapiga soga na wapita njia, anacheka, na herufi inashuka kwa mkupuo mmoja, nene panapotakiwa unene, nyembamba panapotakiwa wembamba. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakawii hapo badala ya kwenye uzi.

"Kupima nimeshapima, mama watoto. Sasa niogope nini?"

Nilimpenda kwa jibu lile, nasema bila haya.

Kisha kiharusi kikampata. Akapona, ila mkono wa kulia ukabaki unatetemeka. Miezi ikapita bila mtu kumwita, hadi kinyozi wa kona alipokubali kumpa ukuta wake. "Ila mzee, ikitoka vibaya nitatafuta mwingine." Nilijua, naye alijua, kwamba akishindwa pale hatashika brashi tena maishani.

Asubuhi ile nilimshikia uzi upande wa pili. Mistari ikatoka sawasawa kama zamani. Alipochovya brashi nikajizungushia uzi kidoleni, nikamdaka kiwiko kwa mikono miwili, nikabana pumzi. Akaivuta K polepole, kwa uangalifu wote wa dunia. Ikatoka kama imeparurwa na kuku. Kinyozi akakohoa kidogo, akaingia ndani. Rula akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Niachie," akasema.

"Nikikuachia utayumba."

"Nayumba kwa sababu tunaogopa wote wawili. Mistari si ipo? Niachie mkono, halafu nipigie stori."

Stori gani saa hiyo, jamani? Nikamwachia, nikaropoka la kwanza lililonijia: mbuzi wa jirani alivyotafuna kofia ya shemeji.

"Kofia ipi, ile ya kwendea kazini?" akauliza, na mkono ukasogea wote kuanzia begani. K ikasimama. I, N, Y zikafuata. Nikaendelea kuropoka, naye anacheka, na kwenye O brashi ikazunguka mara moja tu ikakutana na ilikoanzia. Pembeni mwa Z palibaki kijimtetemo. Hakukifuta.

Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Wakasimama wanatazama tu.

"Sasa shemeji alivaa nini siku ile?" Rula akaniuliza, bado ameuelekea ukuta.

Nikainamisha macho. Nilikuwa bado nimeshika uzi, na ncha yake ilikuwa inachezacheza. Nikaangalia vizuri. Mkono uliokuwa unatetemeka ulikuwa wangu.